Tungule Bado

Hakuna aliyewahi kualikwa kula kachumbari. Watu hualikwa pilau, hualikwa biriani, huitwa waje wale mishikaki; kachumbari wanaikuta pale pale, pembeni ya sinia. Na kwa kuwa haipitii motoni, kazi yake hutupiwa yeyote aliye karibu: mtoto aliyetoka shule, mgeni anayeona haya kukaa mikono mitupu, kijana ambaye wapishi wanataka awaondokee jikoni. Matokeo yake tunayajua sote. Bakuli la maji mekundu, kitunguu kinachochoma hadi puani, nyanya zilizolegea, na pilipili iliyojikusanya upande mmoja ikimvizia mtu wa watu.

Ndiyo maana anayebahatika kuipata iliyopita kwenye mikono inayojua, hasa ile ya embe bichi wakati wa kaskazi, hushangaa kuona kumbe vitu ni vile vile. Kitunguu, tango, embe, nyanya, pilipili, ndimu, kotimiri, chumvi. Hakuna kiungo cha kuagiza mbali wala siri ya ukoo. Tofauti yote iko kwenye kisu na kwenye kujua wakati. Mimi nikiulizwa ufundi huo ni ufundi wa nini, nitasema ni ufundi wa maji: kuyatoa yasipotakiwa, kuyazuia yasitoke mapema, na kuyaachia pale tu mlaji anaponyoosha mkono.

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi karibu na Machi, na miezi hiyo mwambao mzima, toka Lamu hadi Mtwara, hutota jasho. Adhuhuri ya Februari pale Dar es Salaam joto hupita nyuzi 30, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba hata shati lililoanikwa hukauka kwa kusitasita. Hamu ya kula hupotea. Sahani ya wali wa nazi inamtazama mtu, naye anaitazama. Kipindi hicho hicho ndicho miembe hulemewa. Maembe mabichi yanauzwa kila kona, na Mombasa, kule Mama Ngina kando ya bahari, yanachanjwa yakapakwa chumvi na pilipili ya unga, mtu akatembea na lake ufukweni akilamba vidole. Mwili unaovuja jasho unadai maji na chumvi, na ulimi uliochoka unadai uchachu wa kuuamsha. Embe bichi kwenye kachumbari linalipa madeni hayo kwa mkupuo mmoja, na wali ule ule uliokuwa ukitazamwa unaanza kushuka.

Mazoea haya si ya jana. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa, aliandika alivyoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli, na kando yake ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kwamba embe likiiva ni tamu, ila kabla ya kuiva ni chachu kama ndimu, na wenyeji hulitia kwenye siki. Mtu akimeza tonge la wali, hufuatisha kipande cha vitu hivyo vikali. Pilipili aliyoionja haikuwa hii yetu. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa, pamoja na nyanya, asili yake ni Amerika, nazo zilifika huku baada ya Wareno kuingia bahari hizi mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo nyanya, ambayo wengi leo wanadhani ndiyo kachumbari yenyewe, ndiyo iliyochelewa kufika. Embe bichi kando ya wali lilikuwapo mapema, ila likilowekwa. Huu mtindo wa kukata na kula papo hapo, bila kusubiri siki ifanye kazi, tunashirikiana na ndugu zetu wa Bara Hindi.

Mkataji niliyemtazama kwa muda mrefu kuliko wengine wote ni mama mmoja wa Ng'ambo, Unguja. Mtaani kwao shughuli haipangiwi siku kabla hajaulizwa kama ana nafasi. Wanaume huwa uani na masufuria yao ya pilau, kuni zinawaka, kelele tele, kila mmoja anamfundisha mwenzake. Yeye hukaa ukumbini juu ya mkeka, beseni mbele yake, kisu kidogo mkononi. Ubao wa kukatia hana. Kabla ya yote hupindua kikombe cha kauri na kukinoa kisu kwenye ile duara ya kitako isiyopakwa rangi, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kisha hukijaribu kwenye ganda la nyanya. Kisu kikizama kwa uzito wake chenyewe, kazi inaanza. Kikiteleza, kinarudi kikombeni.

Kwa mtazamaji hayo yanaweza kuonekana mbwembwe. Lakini ukali wa kitunguu haupo ndani ya kitunguu kizima. Hutengenezwa na kisu. Katika kila chembe ya kitunguu kuna kimeng'enya upande mmoja na chakula chake upande mwingine, na ukuta katikati. Ukuta ukivunjika vinakutana, na hapo ndipo unapozaliwa ule mvuke unaotoa machozi. Kisu kikali hupita kikavunja kuta chache. Kisu butu hupondaponda, na mtu analia mara mbili: wakati wa kukata na wakati wa kula.

Kitunguu anachokitaka ni chekundu, kikavu, kilichofunga shingo. Vya Mang'ola, kule kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, akivipata huvisifu mbele ya muuzaji, jambo ambalo kwa kawaida hafanyi kwa sababu bei hupanda. Hukipasua katikati, hushika nusu kwa vidole vya mkono wa kushoto, na kisu huja kuelekea dole gumba, kikisimama nukta moja kabla ya ngozi. Vipande vinaanguka besenini kwa mfululizo, vyembamba hivi kwamba ukikiinua kimoja kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Hatazami mkono. Anatazama mlango, anajibu salamu, anauliza nani amekuja na nani hakuja.

Kisha chumvi. Huimwaga konzi nzima, kiasi cha kumtisha mtu asiyejua, na kufikicha kwa ncha za vidole, si kwa kiganja. Muda si mrefu kitunguu kinalegea na maji ya zambarau yenye povu yanakusanyika chini. Chumvi imeyavuta toka ndani, na yamebeba sehemu kubwa ya ukali. Huyamwaga, huosha, huchukua uzi mmoja akautafuna huku amefumba macho. Huosha tena, huonja tena. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu kwa bidii. Wapo wanaokiosha kitunguu mpaka kinabaki hakina jina, uzi mweupe usio na ladha wala kelele mdomoni. Yeye huacha ukali kidogo. Anataka kitunguu kijulikane kwamba ni kitunguu, ila kisimfuate mtu msikitini.

Kilichooshwa hukamuliwa kwa mikono miwili bila kunyongwa, kikawekwa kwenye chujio, na kukamuliwa ndimu moja juu yake. Ukisubiri kidogo unaona rangi inabadilika: zambarau iliyofifia inageuka waridi kali, karibu na rangi ya juisi ya rosela. Rangi ya kitunguu chekundu ikikutana na tindikali hufanya hivyo, na yeye huitumia kama alama. Kitunguu kikishakuwa waridi mpaka katikati, kimekubali.

Embe linachaguliwa kwa kubishana. Changa kabisa, ambalo kokwa lake bado laini kiasi cha kukatika na kisu, lina ukakasi unaokausha meno. Lililoanza kuiva limeshalainika, na kwenye beseni litageuka uji. Anachotaka ni la katikati: kokwa limekaza, nyama ni nyeupe inayoelekea umanjano, na ukilikata linalia. Hulibonyeza karibu na kikonyo, hulinusa, hulitupa pembeni, hulichukua jingine. Hukata kikonyo kwanza na kulisimamisha embe kichwa chini kwenye sahani ili utomvu ushuke, maana utomvu ule ukigusa midomo huibabua, na ukiingia kwenye nyama ya embe huleta harufu ya mafuta ya taa. Ndipo huliosha, hulimenya, na kulikata njiti nyembamba ndefu, akifuata nyuzi za embe lenyewe.

Kikwaruzo hakitaki. Kwa karoti atakukubalia, tena kwa kununa, lakini si kwa embe. Niliwahi kulila la kikwaruzo nyumba nyingine na nikaelewa ugomvi wake na kile kibati: embe lililokwaruzwa limeshaachia maji yake yote kabla halijafika mdomoni, linabaki makapi yenye chumvi. Njiti iliyokatwa kwa kisu inayabeba maji ndani, na anayeyatoa ni mlaji kwa meno yake. Msimu ukipita hutumia embe kizungu, lile dogo lenye kokwa la miiba, au mbirimbi zilizokatwa vipande vya mviringo, ingawa mbirimbi ni chachu kiasi kwamba ndimu inabidi ipunguzwe.

Tango halichukui muda. Anakata ncha ya upande wa kikonyo, anasugua ile ncha kwenye jeraha lake mpaka povu jeupe linatoka, analifuta. Kama ni povu hilo linaloondoa uchungu au ni kule kukata tu, watu watabishana mpaka kesho. Kilicho wazi ni kwamba uchungu wa tango hukusanyika zaidi upande huo na chini ya ganda. Kisha hulipasua kwa urefu na kuchota mbegu kwa kijiko. Tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na ule utumbo wake wa katikati ndio bomba lililoachwa wazi.

Pilipili ni mbuzi, moja au mbili kwa beseni zima, na anachotafuta kwake ni harufu. Huifungua, huondoa mbegu pamoja na ule utando mweupe unaozishikilia, maana moto wa pilipili hukaa kwenye utando. Mbegu zinasingiziwa tu kwa kuwa zimepakana nao. Nyama inayobaki, ile ya rangi, hukatwa chembe ndogo sana na kutapanywa. Unaila kachumbari yake na kusikia pilipili imepita kila mahali bila kumkuta yeyote kwa kisirani. Mikono huipaka mafuta kidogo kabla ya kunawa kwa sabuni, kwa sababu ukali ule hauyeyuki kwenye maji matupu. Kijana anayeosha kwa maji peke yake na kujifuta jicho hufundishwa na jicho lake.

Kufikia hapo kila kitu kiko tayari, kila kimoja chomboni mwake, na nyanya bado ziko kwenye kapu hazijaguswa. Nakumbuka binti mmoja aliyekuwa akimsaidia, mwenye hamu ya kumaliza, aliyenyoosha mkono kwenye kapu.

"Bibi, nikate tungule?"

"Tungule bado. Wali umepakuliwa?"

"Bado."

"Basi na tungule bado, mwanangu."

Alisema hivyo bila kuinua macho, na binti akairudisha nyanya. Uani wapishi walikuwa ndiyo kwanza wanapalia makaa juu ya mfuniko. Ikapita robo saa nzima ya kukaa na kuzungumza. Kwangu ile ndiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote za kazi yake, na wala haikuwa na kisu. Mpishi yeyote hupenda kumaliza mapema, aonekane kamaliza. Yeye alikaa na beseni tupu mbele ya ukumbi uliojaa watu, na hakubabaika.

Sababu yake ni chumvi. Nyanya ikishakatwa na kukutana na chumvi huanza kulia papo hapo, na haibembelezeki. Ndani ya nusu saa nusu ya utamu wake uko chini ya bakuli. Ndiyo maana hukatwa mwisho, na chumvi huitwa baada yake. Nyanya anazozipenda ni zile ngumu zenye nyama nene, kama Tanya na Tengeru 97 zilizotolewa na watafiti wa Tengeru, Arusha, miaka ya 1990. Wanunuzi wa mjini huzilaumu kwamba ganda lake ni gumu, na ni kweli, mchuzi wake unataka uvumilivu. Lakini sifa iliyotafutwa ili zistahimili safari za lori, ndiyo hiyo hiyo inayozifanya zistahimili kisu. Anazikata vipande vyembamba vya nusu duara, akiziacha mbegu za zile zilizokauka na kuzikung'uta za zile zilizojaa maji.

Sauti ikitoka uani kwamba sufuria limefunuliwa, mikono inaharakishwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kitunguu, embe, tango, pilipili, nyanya. Anachanganya kwa mikono mitupu, akiingiza vidole chini kabisa na kuinua, mara chache tu, hapondi wala hakorogi. Ndimu zilishabingirishwa chini ya kiganja zikalainika. Anazikata na kuzikamua kupitia vidole vilivyokaribiana ili mbegu zibaki mkononi. Chumvi ya pili, safari hii kidogo, inanyunyizwa toka juu. Mwisho kotimiri, iliyokatwa mara moja kwa kisu kikali na kuachwa, kwa sababu ikikatwakatwa sana huacha ujani wake kwenye kisu.

Mafuta hatii. Siku hizi hoteli nyingi za Mji Mkongwe humwagia kachumbari mafuta ya zeituni na kuipa jina refu, na sina ugomvi na mafuta ya zeituni mahali pake. Ila pilau imeshakula mafuta ya kutosha, na kachumbari imeitwa pale ili iyakate. Ukiipaka mafuta unaifunga mdomo. Ndimu haipenyi, chumvi inateleza, na tango linameremeta kwa urembo usio na faida.

Kwenye habari ya matunda zaidi nina mawazo mchanganyiko. Nanasi hukubali vizuri, mradi liwe halijaiva sana na vipande vyake vioshwe kwa maji ya chumvi. Lina kimeng'enya kinachowasha ulimi, na ladha yake ya uchachu na utamu huelewana na pilipili mbuzi. Nairobi nimeila yenye parachichi pamoja na dhania, imekatwa ndogo ndogo kando ya nyama choma, na ni tamu, ingawa inataka kuliwa upesi kabla parachichi halijageuka rangi. Tikiti maji ndilo linalonishinda. Ni tamu peke yake, lichukue na kipande cha ndimu ukae kivulini ule, lakini ndani ya kachumbari linafanya kila kitu kilichokwisha kuzuiwa tangu asubuhi.

Kuna maji mengine ambayo mama yule huyaangalia kwa ukali zaidi, nayo ni ya kuoshea. Chakula kisichopita motoni hakina wa kukitetea. Kila kipindupindu kinapozuka mijini, matunda yaliyokatwa na kachumbari za mitaani huwa miongoni mwa vya kwanza kupigwa marufuku, na wenye haki ya kulalamika ni wachache. Kwake yeye maji huchemshwa toka alfajiri, yakapozwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na yeyote anayetaka kuchota kwa kikombe alichonywea hufukuzwa bila kujali ni mtoto wa nani. Vyombo hufunikwa kwa kawa. Nzi mmoja tu akitua, huulizwa aliyekaa karibu alikuwa wapi.

Sinia linapotua, kachumbari ina kama dakika kumi za ubora wake. Katika dakika hizo embe linalia chini ya jino, kitunguu kinafuata, nyanya inalainisha, na tonge la pilau lililokuwa zito linakuwa jepesi. Watu hula kimya kwa muda, jambo la nadra kwenye shughuli. Baada ya hapo maji huanza kukusanyika chini, na hata yeye hawezi kuyazuia. Watoto wanayajua. Wanagombea kuinamisha bakuli wanywe yale maji ya waridi yenye ndimu na chumvi, na mtu mzima asiyeona haya huchovya ndani yake kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Kilichosalia hakiliwi tena kama kilivyo. Asubuhi hutiwa kikaangoni na mafuta kidogo na kupasuliwa mayai juu yake. Kitunguu kimeshalainika, embe limeshaachia uchachu wake wote kwenye nyanya, na chumvi haiongezwi tena.